Damu ya Fahali wa Khocha

Jumamosi, Agosti 2008. Kitale.

Mvua imenifungia ndani ya saiba na siiombi ikome. Mama amenituma mjini kununua pamba na dawa ya kuosha kidonda cha ndugu yangu. Vyote viko kwenye mfuko, hapa miguuni. Mlima hauonekani kabisa leo, ni kama mtu ameufuta kwa kifutio.

Nina furaha mbaya.

Sijui kama kuna jina lake zuri zaidi. Ni furaha ya kumwona adui akimeza mate. Adui mwenyewe ni khocha wangu, kaka ya mama, na kwetu Wabukusu khocha si mtu wa kuitwa adui. Watu wanaogopa laana yake kuliko radi. Ndiyo maana naandika hapa kwenye blogu, ambapo wanaonisoma ni wachache na hawanijui. Majina yote nimeyabadilisha. Nikisema mambo haya kwa mdomo sauti inanitetemeka, na mtu mwenye sauti inayotetemeka hata akisema kweli anaonekana mwongo.

Nianze mwanzo, nisijichanganye.

Mwezi wa tatu, watu wa mifugo walileta chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo upande wetu wa Ndalu. Baba ndiye alikuwa mwenyekiti wa josho, na alikuwa amefundishwa kudunga. Aliichukua chanjo hapa Kitale kwenye kisanduku cha barafu, akakifunga nyuma ya baiskeli, akakifunika kwa koti lake mwenyewe. Alifika nyumbani amelowa na baridi, koti likiwa kwenye kisanduku. Mama alimcheka: "Hata mimi hukuwahi kunifunika hivyo." Baba akadunga ng'ombe wa kila mtu aliyekubali, hadi mikono ikavimba.

Baadaye kidogo, mvua zikiwa zimeshika, alikuja Daktari, mama mmoja wa ofisi ya mifugo anayeendesha pikipiki akiwa amevaa gambuti. Alitaka kuchukua damu ya ng'ombe wachache waliochanjwa, aone kama chanjo imeshika. Watu walisita. Damu ni damu. Khocha ndiye aliyepita mbele, amemshika kamba fahali wake mweusi, akacheka kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya kijito.

"Anza na huyu, Daktari. Ukitaka kuona damu, uone ya fahali. Hawa wengine wana supu tu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Fahali huyo tulikuwa tunamjua wote. Alikuwa akinoneshwa kwa ajili ya ndugu yangu mdogo, Wanjala, ambaye angetahiriwa Agosti hii. Kwa desturi yetu, mvulana huenda kwa khocha wake siku moja kabla ya kisu. Khocha humchinjia, kisha humvisha shingoni luliki, ule ukanda wa nyama, na kumwambia maneno makali ya kumpa moyo. Halafu mvulana hukimbia nao hadi kwao. Mvulana asiyepewa luliki na khocha anatahiriwa, ndiyo, lakini watu watauliza maisha yake yote: kwani kwa mama yako hawakukujua?

Kumbukeni hiyo damu. Daktari aliondoka nayo kwenye vichupa na watu wakaisahau.

Mwezi wa sita ugonjwa ukaja.

Ng'ombe walianza kudondosha mate marefu kama nyuzi za gundi. Ndimi zikachubuka, kwato zikaoza. Neema, ng'ombe wetu, alisimama mguu mmoja hewani akinitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia. Maziwa yakakauka. Ndama wawili wa khocha wakafa. Tena walikuwa ng'ombe waliochanjwa! Hilo ndilo lililowachoma watu. Karantini ikawekwa, soko la mifugo likafungwa, na kila mtu akawa anatafuta wa kumlaumu.

Khocha akawapatia.

Alisimama nje ya kanisa, Jumapili, watu wakiwa bado wanasalimiana. "Mulamwa wangu alitudunga maji," alisema. Mulamwa ni shemeji. "Dawa yenyewe aliuza huko Kitale, sisi akatuletea maji ya kijito. Si mnaona? Chanjo gani hii, ng'ombe amechanjwa na bado analia mate?"

Baba alikuwa hapo hapo, ameshika Biblia. Alifungua mdomo, akaufunga. Baba yangu ni mpole, na upole wake nimeurithi kama pua. Nilimchukia kidogo siku hiyo kwa kunyamaza. Nilimchukia khocha zaidi.

Kuanzia hapo tukawa watu wa Maji. Walimwondoa baba kwenye uenyekiti wa josho. Alipita sokoni, mtu akaita, "Daktari wa Maji, nipe glasi moja!" Shuleni, huko bwenini ambako nilidhani hakuna anayejua habari za kwetu, msichana mmoja wa Ndalu alinipokea mlangoni na vicheko: "Niaje, Maji?" Jina likanishika hadi muhula ukaisha. Nilikuwa naenda maktaba kujificha kati ya rafu. Sikuwa nasoma. Nilikuwa natunga hotuba.

Katika hotuba zangu khocha alikuwa amepiga magoti kila mara.

Na nilikuwa na silaha. Hili sijamwambia mtu.

Katikati ya muhula huo wa pili tulipewa siku chache za nyumbani, kabla kidogo ya ugonjwa kuonekana kwa watu. Nilikwenda kwa khocha kumsalimia binamu yangu Nekesa, ambaye alikuwa ameolewa Malakisi na amekuja kupumzika kwao kwa sababu ya ujauzito. Nyuma ya jiko nilimkuta ng'ombe mwekundu nisiyemjua, amefungwa peke yake, mdomo umejaa povu.

"Huyu ni wa nani?" niliuliza.

Nekesa aliangalia huku na huku. "Wa mahari yangu. Ndiye waliyemalizia kuleta. Huko kwetu kuna karantini lakini wakwe walimpitisha njia za mashambani. Tafadhali usiseme. Baba akimrudisha, watasema amekataa mahari, na mimi nitarudi kule na uso gani?"

Niliahidi. Nekesa ndiye aliyenifundisha kusoma, akiandika herufi kwa mkaa ukutani mwa jiko lao. Kwake nisingeweza kukataa kitu.

Nilirudi shuleni na ahadi yangu. Nikiwa huko, ugonjwa ulivuka kijito; niliporudishwa nyumbani kuchukua karo ndipo nilipomkuta Neema hivyo, na Jumapili ile ya kanisa. Na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yule aliyeufungua mlango.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa na hotuba.

Jumanne wiki hii Wanjala alikwenda kwa khocha na njuga zake mikononi kumwalika, kama inavyotakiwa. Alirudi akiwa amezishika zisilie. Hakutaka kusema. Mama alimvutia jikoni, akamtoa maneno.

"Khocha amesema fahali hachinjwi. Amesema, mwambie baba yako akupe luliki ya maji."

Mama aliketi chini. Ni kaka yake. Wamenyonya ziwa moja. Alisema tu, "Khocha ni khocha," na akarudia, kama mtu anayejaribu mlango aliokwisha kuukuta umefungwa. Wanjala alikwenda nyuma ya nyumba, na nikasikia njuga zikilia kidogo kidogo, maana mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hapo ndipo niliposema moyoni: basi, nitamwangusha. Mbele ya watu. Nekesa atanisamehe au asinisamehe.

Jumatano nilikuja Kitale, nikaenda moja kwa moja ofisi ya mifugo. Nilisimama nje ya mlango muda mrefu nikijifunza jinsi ya kubisha. Daktari alinikaribisha, akanimiminia chai, na kabla sijamaliza kueleza alisema, "Wewe ni wa mwenye koti! Majibu yamefika. Nilitaka kuja wiki ijayo."

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu nilielewa na nilijivunia kuelewa.

Virusi vya ugonjwa huu ni vya aina nyingi, na hata ndani ya aina moja huzaliwa vipya vyenye sura tofauti kidogo. Chanjo humfundisha ng'ombe sura moja. Akija mwingine mwenye sura iliyobadilika, askari walio kwenye damu wanaweza kumtambua vizuri, au nusu nusu, au wasimtambue kabisa. Utajuaje? Unapima. Unachukua yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikiganda, unayachanganya na kirusi, kisha unamwaga mchanganyiko kwenye chembe hai zinazofugwa kwenye kisahani. Chembe zikipona, damu imeshinda. Halafu unaongeza maji kwenye ile damu na kujaribu tena, unaongeza tena, hadi ifike mahali inashindwa. Damu inayoshinda hata ikiwa imezimuliwa sana ni damu kali.

"Ni kama hii chai," alisema, akakiongezea maji kikombe changu. "Bado ni chai? Bado. Tunaongeza mpaka useme si chai tena."

Walikuwa wamehifadhi kwenye barafu damu ile ya mwezi wa nne, iliyotoka kabla ugonjwa haujafika. Wakatoa kirusi kipya kwenye kidonda cha ulimi wa Neema wetu. Wakaipima damu dhidi ya virusi viwili: kile cha zamani kilichotengenezewa chanjo, na hiki kipya.

Dhidi ya cha zamani, damu ilishinda hata ilipozimuliwa sana. Dhidi ya kipya, ilichoka mapema.

Niliomba arudie. Akarudia. Maana yake ni kwamba chanjo ilikuwa chanjo. Maji hayaachi askari kwenye damu, na chanjo iliyoharibika kwa joto haiachi pia. Baba alidunga dawa nzima. Ila mgeni aliyekuja hakuwa yule tuliyemtarajia. Hata hivyo haikuwa bure kabisa. Mzee Barasa, jirani yetu aliyekataa kuchanjiwa, ng'ombe wake walikatika kwato na mmoja hajasimama hadi leo, lakini wengi wa waliochanjwa walipona upesi. Daktari alisema hiyo nusu ya kinga ndiyo tuliyoiona bila kuijua, na sasa wataagiza chanjo inayofanana zaidi na huyu mgeni.

"Damu iliyotupa jibu safi kuliko zote," akaongeza, "ni ya yule fahali mweusi. Nani yule jamaa mwenye kelele?"

Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani.

"Na mgeni huyu," aliuliza, "alipitia wapi? Anafanana na waliokuwa upande wa Malakisi."

Niliinamisha uso kwenye kikombe. Nilisema sijui. Ukweli nilikuwa nautunza kwa siku ya pili yake.

Alhamisi mama alitutoa wote nyumbani. Alisema kama kaka yake anataka kumwaibisha mtoto, amwaibishe mbele yetu. Tulivuka kijito, Wanjala na njuga zake, waimbaji nyuma, baba mwisho kabisa. Karantini ilikuwa imeondolewa wiki iliyopita na boma la khocha lilikuwa limejaa watu, maana fitina ina wageni wengi kuliko arusi. Fahali mweusi alikuwa amefungwa, amepona, mnono. Khocha ameketi mbele yake kama askari wa benki.

"Mulamwa," alisema, "umeleta mtungi?"

Watu wakacheka. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, tumbo mbele, na hakucheka.

Pikipiki ya Daktari ikaingia wakati huo. Nilikuwa nimemwomba aje siku hiyo, akaahidi, na akaja. Alisimama akaanza kueleza, lakini maneno yalikuwa mengi na waimbaji walikuwa na kiu, na Mzee Barasa akanguruma, "Daktari, hayo ya visahani hatuelewi, bana. Dawa ilikuwa dawa ama ilikuwa maji?"

Daktari akanigeukia. "Nisaidie. Ile ya chai."

Mungu wangu. Lakini birika lilikuwa pale mezani, chai ya rangi iliyokolea, na jagi la maji kando yake. Nilimimina glasi. Nikamwaga nusu, nikajaza maji, nikamwonyesha Mzee Barasa.

"Hii ni nini, kuka?" Kuka ni babu.

"Si ni chai!"

Nikafanya tena.

"Na hii?"

"Chai ya shule, lakini chai."

Watu walianza kusogea. Nikafanya tena na tena, na kila mara waliitikia kwa pamoja, "Bado!" kama kanisani. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka na sikujali. Mwisho Mzee Barasa alionja, akatema. "Ah! Hii sasa ni maji, bana!"

"Damu ya ng'ombe waliochanjwa ilizimuliwa hivi," nilisema, "na mbele ya ule ugonjwa wa zamani ikaendelea kuwa chai mpaka karibu na mwisho. Ugonjwa mpya ni mgeni, huo uliishinda mapema. Lakini kitu kilichokuwa maji tangu mwanzo hakiwi chai hata mara moja." Nikamgeukia khocha. "Na damu yenyewe iliyosema hivyo, khocha, ni ya huyu aliye nyuma yako. Wewe ndiye uliyesema waanze naye. Wengine walikuwa na supu tu."

Halafu kicheko kikapasuka upande wa waimbaji, kikaenea. Mtu akapiga mluzi. "Fahali amemshitaki mwenyewe!" Mama alijifunika mdomo kwa leso. Niliona shingo ya khocha ikipanda na kushuka.

Laiti mngeonja ile dakika! Kila "Niaje, Maji" ya muhula ule ililipwa hapo, na chenji ikabaki.

Lakini sikuwa nimemaliza. Hotuba ilikuwa na sehemu ya pili, na Mzee Barasa, bila kujua, akanifungulia mlango.

"Sawa. Na huyo mgeni, nani alimleta?"

Khocha aliniangalia. Hakumwangalia Daktari, wala baba. Aliniangalia mimi, nami nikajua kwamba anajua kwamba najua. Rangi ilimtoka usoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akiniogopa. Ni tamu. Nasema ukweli, ni tamu kama miwa.

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Malakisi.

Nyuma yake Nekesa alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Hakunitikisia kichwa. Hakuniomba. Alifumba macho tu, kama mtu anayesubiri sindano.

Nikaketi.

"Tutamtafuta," alisema Daktari. Baba naye, baba yangu mnyamavu, akapita katikati ya watu, akamshika fahali kichwani, akamwambia khocha kwa upole, "Mulamwa, mtoto anasubiri."

Khocha akachinja. Alikata luliki, akamvisha Wanjala shingoni, na maneno makali aliyotakiwa kumwambia yalitoka yamelegea, kama maneno ya mtu anayeumwa jino. Wanjala hakujali. Alikimbia hadi nyumbani njuga zikilia mpaka nikadhani zitakatika, na jana alfajiri alisimama mbele ya kisu bila kupepesa. Baba alilia. Watu wa josho wamekuja nyumbani kumwomba arudi, na amewaambia atafikiria, jambo ambalo kwa baba ni kiburi kikubwa. Nimefurahi sana.

Alhamisi hiyo, tulipokuwa tunaondoka, khocha alinifuata hadi karibu na ghala la mahindi. Alishika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa bado una mafuta ya nyama.

"Mwana wa dada yangu. Utasema lini?"

Nilitoa mkono wangu taratibu, nikauangalia, nikaufuta kwenye sketi, nikaondoka. Nataka asilale. Nataka kila nikipita kijito asimame aangalie ninakwenda kwa nani. Alimwacha baba yangu miezi miwili akiitwa maji huku akijua. Kusema "nisamehe" mbele ya kanisa, mahali pale pale aliposema uongo, hajasema.

Nimempa hadi Nekesa ajifungue. Uamuzi ndio huo, na nimeufanya sasa hivi nikiandika. Mtoto akizaliwa, khocha asipokuwa amesimama nje ya kanisa, nitasimama mimi. Sauti itatetemeka na nitasema.

Nitasema kweli?

Tangu juzi nimekuwa nikiimwagia maji hasira yangu. Nimeongeza macho ya Nekesa yaliyofumba. Nimeongeza zile herufi za mkaa ukutani. Nimeongeza luliki kwenye shingo ya Wanjala, na machozi ya baba. Leo asubuhi, nikishuka stendi ya Kitale, niliionja tena.

Bado ni chai.